Kiinua mgongo cha kaka na gari la kuchomeka

Tulipomaliza kupanda Isongole ukungu ulikuwa bado umelala barabarani, na kina mama wa viazi walikuwa wamejitanda mablanketi nyuma ya ndoo zao. Rafiki yangu akaondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Gari likaanza kuteremka kuelekea Kiwira bila mngurumo wowote, na kwenye dashibodi alama ya betri, iliyokuwa imebaki na vijistari viwili, ikaanza kujaa upya.

"Unaona?" akaniambia. "Kupanda nimelipa mimi, kushuka mlima unanirudishia."

Nilikitazama kijistari cha tatu kikiwaka, kisha cha nne. Ni jambo la kufurahisha kweli, na siku nyingine ningefurahi naye. Ila kichwani nilikuwa na kaka yangu, na swali lake ambalo nililibeba kwa wiki kadhaa bila kumpa jibu.

## Swali lenyewe

Kaka anastaafu. Amefundisha Rungwe maisha yake yote, amesomesha wanawe na watoto wa ndugu, na hata sare yangu ya sekondari ilitoka kwenye mshahara wake. Sasa kiinua mgongo kinakuja, na mtandaoni ameona gari kutoka Japani: lina tangi la petroli kama magari mengine, na ubavuni lina tundu la kuchomeka umeme.

"Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "wanasema mjini linakwenda kwa umeme, safari ndefu linakula mafuta. Wewe ndiye unayesoma haya mambo. Ninunue?"

Anayejua familia zetu anajua kwamba gari la mstaafu halitakuwa lake peke yake. Litakwenda kwenye misiba, litapeleka wagonjwa hospitali ya rufaa Mbeya, litabeba ndizi na shangazi. Likigoma, pesa ya pili ya kununua lingine haipo.

Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu.

Ndiyo maana sikutaka kumjibu kwa kusikia. Nikaanza kuuliza, kusoma, kukaa gereji, na kuomba lifti kwa kila niliyesikia analo.

## Kinachovutia

Magari ya haibridi ya kawaida, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, tumeshayazoea, hata Mwanjelwa yapo. Yale hujichaji yenyewe yakiwa barabarani na betri yake ni ndogo. Haya ya kuchomeka yana betri kubwa kiasi cha kuendesha gari kilomita kadhaa bila injini kuwaka kabisa. Kampuni ya BYD ya China iliingiza la kwake sokoni Desemba 2008. Mitsubishi Outlander PHEV, ambalo ndilo kaka amelipenda, lilianza kuuzwa Japani Januari 2013 likiwa na betri ya kilowati-saa 12, yaani uniti 12 kwa lugha ya LUKU (meta zetu za kulipia umeme kabla ya kuutumia), injini ya lita mbili, na mota mbili za umeme: moja mbele, moja nyuma.

Nilifanya hesabu kwa bei zetu. Betri ya namna hiyo ikikaribia kuisha, kuijaza huchukua uniti kama 11. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni kama shilingi 3,900. Kwa milima yetu na betri iliyokwisha kutumika, nikisema utapata kilomita 35 sitakuwa nimekudanganya. Gari la petroli la ukubwa huo, linalokwenda kilomita 10 kwa lita, lingekunywa lita tatu na nusu kwa mwendo huohuo. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya 10,000.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mwalimu mstaafu.

Na maisha ya kaka ni ya kilomita chache. Asubuhi shambani kwenye parachichi, mchana mjini Tukuyu, Jumapili kanisani, mara mojamoja Kiwira. Siku nyingi angeweza kumaliza mizunguko yake bila kuchoma tone la mafuta, na siku ya msiba Njombe angejaza tangi na kuondoka bila kuuliza njiani wapi pana chaji. Gari la umeme mtupu lingemwacha na wasiwasi huo. Hili halimwachi.

Kwa siku chache nilikuwa tayari kumwambia, kaka, nunua.

## Taa nyekundu

Kisha nikaenda kwa yule rafiki yangu, anakopanga, Isyesye.

Alikuwa na kebo yake ya kuchajia, ile yenye kiboksi katikati. Akaichomeka ukutani, akaenda kuichomeka kwenye gari. Kiboksi kikawaka taa nyekundu, ikawa inakonyeza tu. Akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu. Akahamia soketi ya jikoni kwa ekstensheni. Nyekundu.

Fundi umeme alipokuja hakuhangaika na gari hata kidogo. Alifungua soketi, akaangalia waya wa kijani na njano, akaufuata mpaka kwenye meta, kisha akatoka nje na kuanza kuchungulia chini ya ukuta. Nyumba haikuwa na ethi. Waya ulikuwepo, umefungwa vizuri, ila ncha yake ya mwisho haikuwa imeunganishwa na kitu chochote ardhini. Kile kiboksi hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme kupita, kisipoiona hakichaji. Kinafanya kazi yake sawasawa, kwa sababu mtu anayeshika bodi ya gari lililolowa mvua huku umeme umevuja anaweza kufa.

Ni nyumba ngapi Mbeya zimejengwa hivyo? Pasi inapata moto, televisheni inawaka, friji inagandisha, na hakuna anayeuliza waya wa kijani unaishia wapi.

Fundi alichimbia fimbo ya shaba, akamwaga maji, akapima, na taa ikabadilika. Lakini aliondoka ameacha onyo ambalo nimelishika. Gari huvuta umeme kwa saa tano au sita mfululizo. Ekstensheni za dukani, zile nyembamba tunazochajia simu na kuwashia redio, hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Alinionyesha plagi aliyoitoa kwa mteja mwingine: pini moja ilikuwa imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka, na ukuta wa mteja huyo, alisema, ulikuwa na alama nyeusi ya moto.

Kebo nayo ina habari zake. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na wa kuchajia magari ni 200. Wetu ni 230. Kebo za huko huja na plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, na kuna watu wanaikata na kufunga plagi yoyote iliyopo dukani. Magari mengine hufika Dar bila kebo kabisa, na mwenye gari hugundua tayari ameshalipa kila kitu.

## LUKU ya watu wanne

Ethi ilipopatikana, likaja la pili.

Nyumba ya rafiki yangu ina wapangaji wanne na meta moja. Wanachanga kila mwezi. Kabla ya gari, kila mmoja alitoa sawa na mwenzake na hapakuwa na neno. Gari lilipoanza kuchomekwa, uniti zikawa zinaisha katikati ya wiki, na mama wa chumba cha pili akawa anakagua soketi ya uani kila jioni.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji hawaligusi. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ukizidi hapo, bei inaruka karibu mara tatu au zaidi. Gari la kaka likijazwa mara saba tu, uniti 75 zote zimekwisha, kabla hujawasha taa wala kupiga pasi. Kwa hiyo gari la mpangaji mmoja linaweza kuwapandishia bei majirani ambao hata baiskeli hawana.

Mwenye nyumba alisikiliza pande zote, akaamua: gari lisichomekwe.

Sikumlaumu. Rafiki yangu naye hakumlaumu. Lakini tangu siku hiyo gari lake halichajiwi. Linakwenda kwa petroli, limebeba betri nzito na mota mbili ambazo kazi yake kubwa sasa ni kukusanya kidogo kwenye miteremko, kama pale Isongole. Alichonionyesha asubuhi ile kwa furaha ndicho alichobakiwa nacho.

## Ulaya nako

Nilidhani ni shida yetu peke yetu, ya soketi na wapangaji. Siyo.

Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti iliyotokana na kumbukumbu za mafuta zilizomo ndani ya magari yenyewe, yale yaliyosajiliwa mwaka 2021. Magari ya kuchomeka, barabarani, yalitoa hewa ya ukaa kwa wastani mara 3.5 ya kiasi kilichoandikwa kwenye vyeti vya maabara. Sababu kubwa ni kwamba wenye magari hawayachomeki mara nyingi kama wapimaji wanavyodhani. Na tafiti za huko zimeonyesha kuwa magari ya kampuni ndiyo yanayochomekwa kwa nadra zaidi, kwa sababu dereva ana kadi ya mafuta: kujaza petroli hakumgharimu chochote, kuchaji nyumbani kunamtoa mfukoni mwake.

Nikikumbuka ofisi zetu na magari yake, sihitaji kueleza zaidi.

Hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka. Nilikuwa nikiuliza kama gari ni zuri. Swali lililonifaa lilikuwa: usiku, gari hili litalala wapi, na nani analipa LUKU ya hapo?

## Mlima unalipa, mlima unadai

Milima yetu inastahili kusemwa peke yake, maana ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi tambarare.

Gari la kilo 1,900 likishuka mita 1,000 za wima, uzito wake una nishati ya uniti 5 hivi. Si zote zinazorudi kwenye betri. Upepo na matairi hula sehemu, mota na betri nazo hupoteza kidogo. Lakini kinachobaki ni cha kweli, na breki hupumzika. Anayejua harufu ya breki za malori pale Kitonga anaelewa thamani ya gari linaloshuka bila kuzichosha.

Ila betri iliyojaa haipokei. Ukilala Isongole, ukachaji usiku kucha mpaka mwisho, kisha asubuhi ukaanza safari kwa kushuka Kyela, ule mteremko wote unakupita bure. Gari litalazimika kuzuiwa na injini na breki kama magari mengine. Anayeishi juu ya mlima inabidi aache nafasi. Hilo sijaliona limeandikwa kwenye tangazo lolote la kuuza gari.

Kupanda nako kuna sura mbili. Injini ya petroli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi. Mota ya umeme haijali hewa. Betri ikiwa na chaji, gari linapanda kutoka Igurusi kwenda Inyala kama vile barabara imelazwa. Betri ikiwa imekwisha, injini inabeba kila kitu, na sauti yake inakuwa ya kulalamika. Nimekaa ndani ya gari katika hali zote mbili, na tofauti yake hata mtoto angeisikia. Baadhi ya magari haya yana kitufe cha kutunza chaji, uitunze kwa ajili ya mlima. Kwenye gari la rafiki yangu maandishi yote ni ya Kijapani, na ilimchukua muda mrefu kujua kitufe kile kina kazi gani.

Na baridi. Juni na Julai, nani wa huku asiyewasha hita? Baadhi ya magari haya huwasha injini ya petroli pindi tu unapotaka joto ndani, hata betri ikiwa imejaa. Asubuhi za kipupwe Tukuyu, zile kilomita za bure zinaanza kwa kuchoma mafuta.

## Nyaya za chungwa

Kijana mmoja wa gereji, fundi hodari kwa injini, alinifungulia boneti akanionyesha nyaya nene za rangi ya chungwa.

"Dada, hizi sizigusi," alisema. "Wengine watakwambia wanajua. Wewe waulize glovu zao ziko wapi."

Ndani ya nyaya zile kuna volti kama 300. Kuzifanyia kazi kunataka glovu maalumu za mpira, kuzima mfumo kwa utaratibu wake, na kusubiri kabla ya kushika kitu. Wapo vijana wanaojifunza, na ninawaheshimu sana, wengine wameanzia kwenye haibridi za kawaida huko Dar. Lakini mstaafu wa Tukuyu mwenye taa ya njano kwenye dashibodi anahitaji fundi aliye karibu.

Pia gari lina mifumo miwili. Oili, filta, plagi za injini na rejeta vipo palepale, na juu yake umeongeza betri kubwa, mota, na vifaa vya kubadili umeme. Anayesema matengenezo yatapungua anafikiria gari la umeme mtupu.

Betri ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Gari la mwaka 2013 limeshapita miaka 10. Betri yake imechakaa, kwa kiasi gani huwezi kujua kwa kutazama picha ya rangi inayong'aa. Na serikali yetu hutoza ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la zaidi ya miaka 8 hadi 10, asilimia 30 kwa lililopita 10. Lile linaloonekana rahisi Japani linaongezewa mzigo bandarini, kisha linafika na betri iliyochoka. Rahisi yake inaishia hapohapo.

## Maji ya kwetu

Kuna jambo moja lililokuwa likinivuta upande wa pili kila nilipotaka kukata tamaa.

Petroli yote inayouzwa Mbeya imetoka nje ya nchi, na nyingi yake imepanda Kitonga kwa lori. Umeme wetu sehemu kubwa ni maji, sehemu nyingine gesi ya Songo Songo na Mtwara. Mito inayoshuka kutoka safu zetu inaingia Usangu, inakuwa Ruaha Mkuu, inapita Mtera yenye mitambo ya megawati 80, inapita Kidatu ya megawati 204, na hatimaye inaungana na Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Kihansi yenye megawati 180 nayo inakunywa maji ya Nyanda za Juu. Gari la kaka likichajiwa Tukuyu, kuna uwezekano mkubwa kwamba linakwenda kwa mvua iliyonyesha huku kwetu. Wazo hilo linanigusa kuliko hesabu za shilingi.

Lakini Ruaha huyohuyo amekuwa akikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na mwaka 2006 Mtera ilipopungua maji nchi nzima ilikaa gizani kwa zamu. Gari lenye tangi la petroli lingeendelea kutembea mwaka ule. Kwa hiyo hata hapa, injini ndiyo inayonipa moyo wa kumwambia kaka kwamba si wazimu.

## Nilichomwambia

Nilimpigia jioni, baada ya chakula, wakati anapopenda kuongea.

Nikamwambia: kaka, ungekuwa mpangaji ningekukataza. Ungekuwa mtu wa kwenda Dar na kurudi kila mwezi ningekwambia nunua haibridi ya kawaida, nyepesi, mafundi wanaijua. Lakini una nyumba yako, meta yako, na safari zako ni fupi na za milima. Kwa maisha yako gari hili lina maana. Ila fuata mpangilio huu: kwanza ethi na soketi yake peke yake yenye waya mnene, kabla ya kulipa senti moja Japani. Pili, muuzaji akutumie kipimo cha betri, imebaki asilimia ngapi ya ujazo wake wa kwanza, pamoja na picha ya kebo. Tatu, lisizidi miaka 8. Nne, usimalize kiinua mgongo chote. Weka fungu la betri, na uliweke mahali ambapo shangazi hapajui.

Alicheka kwenye fungu la shangazi. Kwenye miaka 8 akanyamaza, kwa sababu lile alilolipenda ni la 2014 na bei yake ndiyo iliyomvuta.

"Mdogo wangu, hilo jipya litanimaliza," alisema.

"Basi kaka, heri petroli ndogo kuliko hilo la 2014."

Hatukukubaliana. Ametuma ombi la kipimo cha betri kwa muuzaji, la 2014 na jingine la 2018, ili aone kwa macho yake. Tumeshapatana jambo moja: likisoma chini ya asilimia 75, tunaliacha, liwe la mwaka wowote. Na Jumamosi fundi wangu wa Isyesye anapanda basi kwenda Tukuyu kupima ethi.